Sam Mills

Samuel Davis Mills Jr. (3 Juni 1959 – 18 Aprili 2005), anayejulikana zaidi kama Sam Mills, alikuwa mchezaji na kocha wa futiboli ya Kimarekani kutoka jimbo la New Jersey, Marekani. Alicheza katika nafasi ya lainibeka, yaani mlinzi wa mstari wa pili, kwa misimu 15 ya kulipwa. Misimu mitatu ya kwanza ilikuwa katika ligi ya USFL akiwa na timu ya Stars (1983–1985). Misimu 12 iliyofuata ilikuwa katika ligi kuu ya NFL, akiwa na New Orleans Saints (1986–1994) na Carolina Panthers (1995–1997).

Mills alikuwa na urefu wa sentimita 175 hivi, kimo kilichohesabiwa kuwa kifupi mno kwa nafasi yake. Kwa sababu hiyo hakuchaguliwa na timu yoyote alipomaliza chuo, akaachwa na timu mbili za kulipwa, na kwa muda akafanya kazi ya ualimu wa shule ya sekondari. Baadaye alichaguliwa mara tano kwenye mchezo wa nyota wa NFL. Mwaka 2022, miaka 17 baada ya kifo chake, aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa mjini Canton, Ohio.

Nafasi ya lainibeka

Ili kuelewa kwa nini kimo cha Mills kilileta mjadala, inafaa kujua kazi ya lainibeka. Katika futiboli ya Kimarekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikifaulu hupewa majaribio mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Timu huweza kuusogeza mpira kwa kukimbia nao au kwa kuurusha. Anayeanzisha karibu kila shambulio ni mchezaji aitwaye kwotabeki.

Timu inayolinda hujipanga kwa mistari. Mstari wa mbele ni wa watu wakubwa sana wanaopambana mwili kwa mwili na wale wanaomkinga kwotabeki. Mstari wa nyuma ni wa watu wepesi wanaokimbizana na wapokeaji wa pasi. Malainibeka husimama katikati ya mistari hiyo miwili, na kazi zao ni nyingi kuliko za wengine. Mpira ukikimbizwa, wao ndio wanaotakiwa kumkaba na kumwangusha mkimbiaji. Ukirushwa, hurudi nyuma kuziba njia za pasi. Mara nyingine huvamia mbele ili kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha.

Lainibeka wa ndani, nafasi aliyocheza Mills, kwa kawaida ndiye kiongozi wa ulinzi. Hupokea maagizo ya kocha, huwapanga wenzake, na hulazimika kusoma nia ya wapinzani kwa sekunde chache kabla mpira haujaanza kuchezwa. Akikosea, wenzake kumi hukosea pamoja naye. Nafasi hiyo basi hudai nguvu na akili kwa pamoja.

Timu za kulipwa huwatuma wataalamu kuwapima vijana kabla ya kuwachagua. Vipimo vya kwanza huwa ni urefu, uzito na mbio za yadi 40. Lainibeka anayetafutwa kwa kawaida ni mtu wa sentimita 183 au zaidi, kwani mrefu huona vizuri juu ya wachezaji wa mbele na ana mikono mirefu ya kuwasukuma wapinzani. Mills alishindwa katika kipimo cha kwanza kabisa, na hakukuwa na kipimo cha kuonyesha jinsi alivyousoma mchezo.

Maisha ya awali na chuo

Mills alizaliwa Neptune City na kukulia Long Branch, mji ulio kando ya bahari ya Atlantiki katika jimbo la New Jersey. Katika shule ya sekondari ya Long Branch alicheza futiboli na mieleka. Mieleka ilimfaa sana baadaye. Katika mchezo huo anayeingia chini ya mwenzake, akiwa amepinda magoti na kushusha kiuno, ndiye anayeweza kumwinua na kumwangusha. Mbinu hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika kumkaba mtu mwenye mpira. Kwa mtu mfupi mwenye miguu yenye nguvu, kuingia chini ya mpinzani mrefu ni jambo la kawaida.

Vyuo vikubwa vyenye timu mashuhuri havikumhitaji. Alijiunga na Montclair State, chuo cha umma cha New Jersey ambacho sasa ni chuo kikuu. Timu ya chuo hicho hushiriki daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambamo wanafunzi hawapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mchezaji wa daraja hilo hucheza kwa kuupenda mchezo, na ni wachache mno wanaofika kwenye ligi ya kulipwa.

Kuanzia 1977 hadi 1980 Mills aliweka rekodi za chuo ambazo zinatajwa hadi leo. Alikaba na kuangusha wapinzani mara 501 kwa jumla, zikiwemo mara 142 katika msimu wa 1980 pekee. Mwaka 2009 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya vyuo.

Kuachwa na timu na kazi ya ualimu

Kila mwaka timu za NFL huchagua kwa zamu wachezaji waliomaliza chuo. Mwaka 1981 zoezi hilo lilimalizika bila jina la Mills kutajwa. Alikwenda Cleveland Browns kama mchezaji huru na kufanya mazoezi pamoja na timu, lakini aliondolewa katika mchujo kabla ya msimu kuanza. Mwaka 1982 alijaribu ligi ya Kanada akiwa na Toronto Argonauts, na huko pia aliachwa.

Mills alirudi New Jersey na kuanza kufundisha somo la upigaji picha katika shule ya sekondari ya East Orange, huku akisaidia kufundisha timu ya futiboli ya shule. Alikuwa na mke na mtoto wa kuwatunza, na ualimu ulimpa mshahara wa uhakika. Kwa mchezaji wa umri wake aliyeachwa mara mbili, safari ya michezo kwa kawaida huishia hapo.

USFL: Stars (1983–1985)

Mwaka 1983 ilianza ligi mpya iliyoitwa United States Football League, kwa kifupi USFL. Tofauti na NFL, ambayo huchezwa kuanzia Septemba, ligi hiyo ilichezwa wakati wa majira ya kuchipua. Kwa kuwa timu zake zilikuwa mpya zote, zilihitaji mamia ya wachezaji kwa mara moja, na hivyo mlango ukafunguka kwa watu ambao NFL ilikuwa imewakataa.

Meneja mkuu wa Philadelphia Stars, Carl Peterson, alipata habari za Mills kutoka kwa Sam Rutigliano, kocha yule yule wa Cleveland aliyemwacha miaka miwili kabla. Mills aliomba ruhusa kazini akaenda kwenye mazoezi ya majaribio. Kocha mkuu wa Stars, Jim Mora, mwanzoni alishangazwa na ufupi wake kama makocha wengine walivyoshangaa. Hata hivyo kila siku ya mazoezi Mills ndiye aliyefika kwanza palipo na mpira, na Mora akambakiza. Alipewa jina la utani la "Field Mouse", yaani panya wa shambani, kwa jinsi alivyokuwa mdogo na mwepesi kupenya katikati ya watu wakubwa.

Stars walikuwa timu bora ya ligi hiyo katika muda wote wa uhai wake. Walifika fainali zote tatu zilizochezwa:

- 1983: walifungwa na Michigan Panthers kwa pointi 24 kwa 22.
- 1984: waliwashinda Arizona Wranglers kwa pointi 23 kwa 3.
- 1985: wakiwa wamehamishiwa Baltimore, waliwashinda Oakland Invaders kwa pointi 28 kwa 24. Fainali hiyo ilichezwa New Jersey, jimbo la nyumbani kwa Mills.

Mills alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi kwa misimu yote mitatu. Lakini ligi yenyewe haikudumu. Wamiliki wa timu waliamua kuhamisha michezo yao hadi majira ya vuli ili kushindana na NFL uso kwa uso, na waliishtaki NFL mahakamani kwa kuhodhi biashara ya futiboli. Mwezi Julai 1986 baraza la wazee wa mahakama lilikubali kwamba NFL ilivunja sheria, lakini likatoa fidia ya dola moja tu, ambayo kwa mujibu wa sheria ilizidishwa mara tatu na kuwa dola tatu. USFL haikucheza tena.

New Orleans Saints (1986–1994)

Kabla ya hukumu hiyo kutolewa, Mora alikuwa amekwisha kuajiriwa kuwa kocha mkuu wa New Orleans Saints, na Mills akamfuata. Alianza kucheza NFL akiwa na umri wa miaka 27, wakati ambapo wachezaji wengi wa rika lake walikuwa wamefikisha misimu mitano au sita katika ligi hiyo.

Saints walikuwa wameanza kucheza mwaka 1967 na katika misimu 20 ya kwanza hawakuwahi kupata hata msimu mmoja ambao ushindi ulizidi kufungwa. Mashabiki wao walikuwa na desturi ya kuja uwanjani wakiwa wamevaa mifuko ya karatasi vichwani ili kuficha nyuso zao. Mwaka 1987, msimu wa pili wa Mora na Mills, timu ilishinda michezo 12 na kufungwa mitatu, ikaingia katika michezo ya mtoano kwa mara ya kwanza. Msimu huo Mills alichaguliwa kwa mara ya kwanza kucheza Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi.

Ulinzi wa Saints ulipangwa kwa wachezaji watatu mbele na malainibeka wanne nyuma yao. Nje walicheza Rickey Jackson na Pat Swilling, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kumvamia kwotabeki. Ndani walicheza Mills na Vaughan Johnson, ambaye naye alitoka USFL. Wanne hao walijulikana kama "Dome Patrol", yaani doria ya kuba, kwa kuwa uwanja wa Superdome wa New Orleans una paa la umbo la kuba. Mills ndiye aliyekuwa akitoa maagizo uwanjani. Jackson na Swilling waliweza kuvamia bila hofu kwa sababu walijua kwamba nyuma yao kuna mtu aliyekwisha kutambua mpira unaelekea wapi.

Matokeo ya ushirikiano huo yaliandikwa kwenye takwimu. Saints waliruhusu pointi chache kuliko timu nyingine yoyote ya NFL katika msimu wa 1991 (pointi 211) na tena 1992 (pointi 202). Mwaka 1991 walitwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza. Baada ya msimu wa 1992 malainibeka wote wanne walichaguliwa kwenye Pro Bowl, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa malainibeka wanne wa timu moja.

Hata hivyo kipindi hicho kilikuwa na doa moja. Saints waliingia katika mtoano mara nne, yaani misimu ya 1987, 1990, 1991 na 1992, na mara zote nne waliondolewa katika mchezo wa kwanza. Ulinzi wao ulikuwa imara, ila ushambuliaji haukufikia kiwango hicho. Kukosa ushindi katika michezo mikubwa kuliwafanya wachezaji wa timu hiyo wasikumbukwe kama walivyostahili wakati wa kugawa heshima za ligi.

Carolina Panthers (1995–1997)

Mwaka 1995 NFL iliongeza timu mbili mpya, mojawapo ikiwa Carolina Panthers ya mji wa Charlotte, North Carolina. Kocha wake wa kwanza alikuwa Dom Capers, aliyewahi kuwa msaidizi wa Mora katika Stars na Saints. Capers alimjua Mills kwa zaidi ya miaka kumi na alihitaji mtu wa kuwafundisha wenzake mfumo wa ulinzi akiwa uwanjani. Mills, aliyekuwa anakaribia miaka 36, alijiunga na timu hiyo changa.

Panthers walifungwa katika michezo yao mitano ya kwanza. Mchezo wa sita ulikuwa tarehe 15 Oktoba 1995 dhidi ya New York Jets, katika uwanja wa chuo wa Clemson, South Carolina, kwa sababu uwanja wao wa Charlotte ulikuwa bado unajengwa. Kabla ya mapumziko kwotabeki wa Jets, Bubby Brister, alijaribu pasi fupi ya kusukuma mbele. Mills aliusoma mchezo, akaudaka mpira na kukimbia nao yadi 36 hadi kufunga tachidauni. Panthers walishinda kwa pointi 26 kwa 15, na huo ukawa ushindi wa kwanza katika historia ya klabu. Walimaliza msimu wakiwa na ushindi mara saba, idadi ambayo timu mpya ya NFL ilikuwa haijawahi kuifikia katika msimu wake wa kwanza. Mills mwenyewe alidaka pasi tano za wapinzani msimu huo.

Msimu wa 1996 ulikuwa mzuri zaidi. Panthers walihamia uwanja wao mpya, wakashinda michezo yote minane ya nyumbani, na kumaliza na ushindi mara 12 dhidi ya kufungwa mara nne. Katika mtoano waliwatoa Dallas Cowboys, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa pointi 26 kwa 17. Katika mchezo huo Mills alidaka pasi ya kwotabeki Troy Aikman. Safari yao ilikomea katika mchezo wa mwisho kabla ya Super Bowl, walipofungwa na Green Bay Packers kwa pointi 30 kwa 13.

Mwisho wa msimu huo Mills, akiwa na umri wa miaka 37, alichaguliwa kwenye Pro Bowl kwa mara ya tano na kutajwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa NFL. Wachezaji wengi wa nafasi yake hustaafu kabla ya miaka 33, kwa kuwa kasi hupungua na majeraha huongezeka. Kwa Mills upungufu wa kasi haukuwa na madhara makubwa, kwani hakuitegemea kasi tangu mwanzo. Aliyejua mpira unakwenda wapi hakulazimika kukimbia sana ili kuufikia. Alistaafu baada ya msimu wa 1997.

Takwimu kwa ufupi

- Misimu ya kulipwa: 15 (USFL 3, NFL 12)
- Michezo ya NFL: 181
- Kuangusha wapinzani wenye mpira katika NFL: zaidi ya mara 1,200
- Kumwangusha kwotabeki: mara 20.5 (nusu huhesabiwa pale wachezaji wawili wanapomwangusha pamoja)
- Pasi za wapinzani alizodaka: 11
- Ubingwa: USFL mara 2 (1984, 1985)
- Pro Bowl: mara 5 (1987, 1988, 1991, 1992, 1996)

Ukocha na ugonjwa

Baada ya kustaafu Mills alibaki Panthers kama kocha msaidizi, na kuanzia 1999 alikuwa kocha wa malainibeka. Mwaka 1998 alikuwa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika orodha ya heshima ya klabu, na sanamu yake ya shaba ilisimamishwa nje ya uwanja. Hivyo kwa miaka kadhaa alikwenda kazini akipita karibu na sanamu yake mwenyewe.

Mwezi Agosti 2003 madaktari waligundua kwamba ana saratani ya utumbo, na walimweleza kwamba huenda akaishi miezi michache tu. Mwezi huo huo Mark Fields, mmoja wa malainibeka aliokuwa akiwafundisha, aligunduliwa kuwa na saratani ya aina nyingine. Mills alianza kutibiwa kwa dawa za kuua seli za saratani, huku akiendelea na ukocha kila hali yake iliporuhusu. Siku za matibabu alikosa, na siku nyingine alirudi mazoezini.

Msimu huo Panthers, ambao miaka miwili kabla walikuwa wameshinda mchezo mmoja tu kati ya 16, walifuzu kwa mtoano. Mwanzoni mwa Januari 2004, kabla ya mchezo dhidi ya Dallas Cowboys, Mills aliombwa azungumze na wachezaji. Aliwaeleza kwamba alipopewa habari za ugonjwa wake aliona njia mbili tu, kukata tamaa au kuendelea kupambana, na kwamba alichagua kupambana. Aliwataka nao wafanye vivyo hivyo uwanjani. Maneno aliyoyasisitiza yalikuwa "Keep Pounding", ambayo kwa Kiswahili yanaweza kuelezwa kuwa "endelea kugonga", kama mtu anayepiga nyundo bila kupumzika hadi kitu kivunjike.

Panthers waliwashinda Dallas kwa pointi 29 kwa 10, kisha St. Louis Rams, kisha Philadelphia Eagles, wakafika Super Bowl kwa mara ya kwanza. Fainali hiyo ilichezwa Houston tarehe 1 Februari 2004. New England Patriots walishinda kwa pointi 32 kwa 29, kwa mpira uliopigwa na Adam Vinatieri zikiwa zimebaki sekunde chache.

Mills aliendelea kufundisha katika msimu wa 2004, muda mrefu kupita ule ambao madaktari walikuwa wameutaja. Alifariki dunia nyumbani kwake Charlotte tarehe 18 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 45. Alimwacha mjane, Melanie, pamoja na watoto. Mtoto wake Sam Mills III naye alikuwa kocha katika NFL, zikiwemo Panthers.

Heshima baada ya kifo

Mwaka 2005 Panthers walistaafisha jezi namba 51 aliyoivaa Mills, na hakuna mchezaji mwingine wa klabu hiyo anayeruhusiwa kuivaa. Maneno yake yakawa kaulimbiu ya klabu. Mfuko wenye jina hilo ulianzishwa kuchangia utafiti wa saratani na kuwasaidia wagonjwa. Tangu 2012 maneno hayo yameshonwa ndani ya ukosi wa jezi za Panthers, na kabla ya kila mchezo wa nyumbani mgeni maalumu hupiga ngoma kubwa iliyoandikwa kaulimbiu hiyo. Panthers walipofika Super Bowl kwa mara ya pili, katika msimu wa 2015, wengi wa wachezaji wao hawakuwahi kumwona Mills, lakini wote walijua maneno hayo yalitoka kwa nani.

Heshima kubwa zaidi ilichelewa. Mchezaji anaweza kupendekezwa kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa Canton miaka mitano baada ya kustaafu, na kwa njia ya kawaida jina lake hujadiliwa kwa muda wa miaka 20. Mills alianza kustahili mwaka 2003, lakini alifika katika orodha ya mwisho ya wagombea kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Sababu za kuchelewa zinaeleweka. Alianza NFL akiwa na miaka 27, mafanikio yake ya mwanzo yalikuwa katika ligi iliyokufa, Saints hawakushinda mchezo wa mtoano, na kazi ya lainibeka wa ndani haileti tachidauni nyingi za kukumbukwa. Kwa upande mwingine, waliomtetea walisema kwamba kila timu aliyokwenda iliimarika baada ya yeye kufika: Stars walitwaa ubingwa mara mbili, Saints walipata msimu wao wa kwanza wa ushindi, na Panthers walikaribia Super Bowl katika mwaka wao wa pili.

Mills alichaguliwa mwezi Februari 2022, katika mwaka wa 20, ambao ulikuwa wa mwisho kwake kujadiliwa kwa njia ya kawaida. Katika sherehe ya tarehe 6 Agosti 2022 Melanie Mills alipanda jukwaani na kuzungumza kwa niaba ya mumewe.

Umuhimu wake katika mchezo

Maisha ya Mills ya michezo hutajwa mara kwa mara panapozungumzwa uteuzi wa wachezaji. Wanaopima vijana hawakukosea kuhusu urefu wake, kwani alikuwa mfupi kweli. Walikosea kudhani kwamba urefu unatosha kueleza mtu atakavyocheza. Ufupi ambao ulimfanya aachwe ndio uliomrahisishia kuingia chini ya wapinzani na kuwaangusha, na kwa kuwa hakuwa na umbo la kutegemea, alijifunza kusoma mchezo kuliko wengine.

Ni kweli pia kwamba kipaji peke yake hakingetosha. Kama USFL isingeanzishwa mwaka ule, na kama kocha aliyemwacha asingemsifu kwa meneja wa timu nyingine, huenda Mills angeendelea kufundisha upigaji picha East Orange hadi kustaafu. Kwa hiyo habari yake inaonyesha bidii ya mtu mmoja, na papo hapo inaonyesha kwamba wapo wengine wenye uwezo ambao hawakupata nafasi ya pili.

Baada ya Mills, walinzi wafupi walipata nafasi zaidi. Hata hivyo vipimo vya urefu, uzito na mbio bado hufanywa kila mwaka kabla ya uteuzi wa NFL.